Mwendo wa Mama Fisimaji

Leopold Kapinga alikuwa fundi wa injini za boti pale Mbamba Bay, na Jumamosi alikuwa mpiga ngoma wa kikundi cha maigizo. Kwa asili hakuwa mtu wa ziwani. Alizaliwa Matiri, juu kwenye milima ya Mbinga, kwenye kahawa na mashamba ya ngoro, yale ya kulimwa kwa mashimo mteremkoni, akateremka akiwa kijana kwa sababu yeye na baba yake, mzee Bernadi, hawakuweza kulima shamba moja bila kununiana. Mzee alitaka mwanawe wa kiume abaki na mibuni. Leopold alitaka kufungua vitu vya chuma aone ndani kuna nini. Mtu pekee aliyejua kuwakalisha pamoja wakala mpaka wakamaliza alikuwa mama, Walburga, na Walburga alikuwa amefariki.

Alifariki ghafla, kwa moyo, katikati ya msimu wa mvua. Barabara ya kupandia mlimani ilikuwa imekatwa na maporomoko, Leopold akaenda sehemu kubwa kwa miguu, na alipofika nyumbani jeneza lilikuwa limeshafungwa. Wazee wakamwambia asidai kulifungua, mama amelala vizuri, akubali. Akakubali. Alitupa udongo wake kama wengine, akakaa matanga, akarudi ziwani.

Shida ilikuja pole pole, na hakumwambia mtu. Mama alikuwa anampotea. Picha yake alikuwa nayo kwenye simu: Walburga amesimama mbele ya kanisa, mikono ameiachia, uso ameukaza kama wanavyoukaza watu wasiozoea kupigwa picha. Kila alipojaribu kumkumbuka ilikuja picha ile, na kwenye picha ile mama hatembei wala hasemi. Leopold alijua kwamba mama yake alikuwa mtu wa kwenda huku na huku kutwa nzima, tena mwenye maneno, lakini kujua ni kitu kimoja na kumwona ni kingine. Wakati mwingine, mikono ikiwa kwenye grisi, alifumba macho akamtafuta jikoni, akamtafuta kisimani, akamtafuta kwenye mstari wa wanawake wanaotoka misa. Alipata jiko, kisima na wanawake wengine. Yeye hakumpata.

Kikundi chao kiliitwa Mwalo Sanaa, kwa sababu mazoezi yao waliyafanyia kwenye mchanga wa mwaloni, pale boti za wavuvi zinapofikia, jirani na wanawake wanapoanika usipa, vile visamaki vya ziwa. Kiongozi wao alikuwa Scholastica, mwalimu mstaafu, mwanamke ambaye akikutazama unajikuta umenyoosha mgongo. Walizunguka vijiji vya mwambao wakiigizia watoto mambo ya ziwa: kichocho, mamba, na hatari ya mtoto kuachwa peke yake majini. Mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa Mama Fisimaji. Wavuvi hawampendi fisimaji, kwa sababu anatoboa nyavu na kula samaki wasio wake, lakini watoto wanampenda kwa lile umbo lake refu linaloteleza na ule uso wa kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kwenye mchezo, Mama Fisimaji ana watoto wengi, nao ni watoto wa kijiji wenyewe waliokaa mbele. Anawaogesha, anawafokea, anawakataza kukojoa majini, anawaficha Mzee Mamba asiwaone.

Vazi lake alilishona Edina, fundi cherehani, ambaye ndiye pia aliyelivaa. Mwili ulikuwa wa blanketi la kahawia, kichwa cha sponji ya godoro, sharubu za mshipi wa kuvulia. Kwa kuwa mnyama mwenyewe ni mama, Edina alimfunga kilemba kichwani na kanga kiunoni, na mgongoni akamwekea mbeleko yenye mtoto wa kitambaa. Edina alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, na Mama Fisimaji wake alikuwa mnyama wa kurukaruka. Watu walimshangilia.

Ndipo Edina akapata ujauzito, joto la blanketi likamshinda, na Mama Fisimaji akakosa mtu wa kumvaa. Wanawake wengine wa kikundi walijaribu. Mmoja kichwa kilimzama mpaka mabegani akawa anatembea kama kipofu. Mwingine alianza vizuri, kisha akalia kwamba hapati hewa, wakamvua haraka na kumpepea. Leopold alikuwa amekaa na ngoma yake anaangalia. Alikuwa na kimo cha kutosha, na hatua zote za mchezo alizijua kwa sababu ndiye aliyezipigia. Scholastica alimgeukia akamwambia aingie yeye. Leopold alicheka. Scholastica hakucheka.

Mara ya kwanza alivaa mbele ya watoto wa shule pale pale Mbamba Bay, na haikwenda vizuri. Alimwiga Edina. Aliruka alivyoruka Edina, akazungusha kiuno alivyozungusha, akaibana sauti mpaka ikawa kama ya filimbi. Kila mtu aliiona ile miguu mikubwa ya fundi wa boti chini ya kanga, na watu wazima waliosimama nyuma walikuwa wanamcheka yeye, si mnyama. Ndani ya sponji, jasho likimwingia machoni, Leopold alitamani mchezo uishe arudi kwenye ngoma yake.

Kisha kitoto kimoja cha kike, kati ya wale waliokuwa wamekaa mbele, kikainuka na kujiendea zake kuelekea ufukweni. Leopold alikiona kupitia tundu la mdomo. Hakufikiri. Mkono wa kushoto ulishika kanga pale kiunoni ukaivuta juu na kuikaza upya, mguu wa kushoto ukatangulia, akamwendea kwa hatua za mtu aliyechoka lakini mwenye haraka, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito kidogo na ya chini, sauti ya kufoka bila kupaza. Alimuuliza mtoto anakwenda wapi na kule kwao nani amemruhusu. Alimshika mkono akamrudisha, na akiwa njiani, bila kusimama, akampangusa kamasi kwa ncha ya kanga.

Kicheko kikabadilika. Wanawake walicheka kwa namna nyingine, ile ya kucheka kitu unachokijua. Watoto wakasogea. Mchezo ulipokwisha walimkumbatia miguu wasitake kumwachia, na Leopold akabaki na lile vazi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tangu siku hiyo Mama Fisimaji akawa wake. Edina mwenyewe, tumbo likiwa limeshaonekana, alikuja kumtazama na akasema huyu si yule wake, huyu ni mtu mzima. Walikwenda Ngumbo, wakaenda vijiji vingine vya mwambao, na kila walipofika watoto waliuliza habari zake kabla hata ngoma hazijashushwa.

Mwaloni wanaume hawakumwacha. Asubuhi akipita na boksi lake la spana walimwamkia kwa heshima ya uongo, wakamuuliza Mama Fisi watoto hawajambo, wengine wakamtania kwamba haoi kwa sababu ameshakuwa mke. Leopold aliwaitikia na kupita. Ukweli ni kwamba alikuwa anapenda, na asingeweza kuwaeleza anapenda nini. Angesema kwamba ndani ya blanketi lile mikono yake, iliyozoea kulegeza nati zilizoshika kutu, ilijua kumfunga mtoto mbeleko? Kwamba alijikuta anawajali watoto asiowajua majina, na wao wanamwegemea bila woga, jambo ambalo hakuna mtoto aliyewahi kumfanyia Leopold mwenyewe? Akivua kichwa na upepo wa ziwa ukampiga usoni, alijiona kama mtu aliyetolewa kwenye nyumba yenye moto jikoni akaambiwa alale nje. Alidhani ni uchovu.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata parokia ya Matiri iliwaalika kwenye sikukuu ya watoto wa Utoto Mtakatifu. Milimani hakuna ziwa, lakini kuna mito na vidimbwi, na watoto wa kule nao wanaoga wanapopata maji. Scholastica alikubali kabla ya kumuuliza Leopold. Siku chache kabla ya safari, dada yake Restituta, ambaye aliishi nyumbani na baba, alimpigia simu. Habari za vazi zilikuwa zimeshapanda mlima. Alisema baba amesikia kwamba mwanawe anavaa ngozi ya mnyama jike na kufunga kanga mbele ya watu, na amesema akija kufanya hayo Matiri asilale nyumbani kwake. Restituta aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa na mwingine. Kisha akaongeza kwa sauti yake mwenyewe kwamba baba siku hizi hasemi sana, na kwamba akae tu parokiani, atamletea chakula.

Siku ya sikukuu uwanja wa shule ulijaa. Watoto walikuwa na sare zao na skafu shingoni, akina mama wamekaa kwenye nyasi, wanaume wamesimama pembeni. Leopold alipotoka na Mama Fisimaji wake alimwona baba yake mara moja. Bernadi alikuwa amesimama nyuma ya watu wote, karibu na uzio, kofia ameishika mkononi, kama mtu anayepita tu.

Kwa kuwa alikuwa nyumbani, Leopold aliwafokea watoto kwa Kimatengo, lugha ya mlimani. Hakuwa amepanga. Aliwaita mmoja mmoja kwa majina ya kwao, akawauliza nani amekunywa maji ya mtoni, akakaza kanga, akainama kumtazama mmoja masikio, akashika kiuno na kuguna. Vijana walicheka sana. Lakini sehemu ile walipokaa wanawake wazima kicheko kilififia kidogo kidogo kikaisha. Leopold, ndani ya sponji, akadhani amewakosea.

Mchezo ulipokwisha, akiwa anavuliwa kichwa nyuma ya darasa, alikuja mama mmoja jirani yao, Mama Gertrude, aliyemfahamu tangu yuko tumboni. Leopold alimwamkia shikamoo. Mama yule aliitikia, akabaki amemwangalia, macho yamelowa.

"Umejifunza wapi kutembea hivyo?" alimuuliza.

Leopold alisema ni mchezo tu, alimrithi dada mmoja wa Mbamba Bay.

"Huyo wa Mbamba Bay simjui. Uliyemleta hapa leo ni Walburga. Hata ile kanga alikuwa anaikaza vile vile, kila akianza kusema."

Leopold alibaki na kichwa cha fisimaji mikononi. Alitazama kule kwenye uzio. Baba yake alikuwa ameshaondoka.

Usiku ule alilala parokiani na wenzake, na kulipopambazuka aliamua kwenda nyumbani, liwalo na liwe. Vazi alikuwa nalo kwenye mfuko wa salfeti, kwa sababu chumba walichopewa kilivuja na Scholastica alikuwa amesema likilowa watalikausha kwa meno yao. Alimkuta baba anapalilia mibuni ya karibu na nyumba. Alimwamkia. Mzee aliitikia bila kuinua uso, jembe likaendelea. Leopold alisimama pale muda ambao mgeni angekuwa ameshakaribishwa kiti.

"Vazi lako umelibeba?" Bernadi aliuliza mwisho.

"Limo kwenye mfuko, baba."

"Livae."

Leopold alimwambia kama ni kumsema, amseme hivyo hivyo alivyo, hakuna haja ya kumvalisha kwanza. Mzee alisimamisha jembe akaliegemea. Leopold aliona jinsi shingo yake ilivyokonda ndani ya kola.

"Sitaki kukusema," alisema. "Livae, halafu utoke jikoni uje hapa. Kama jana."

Alivaa kwenye chumba cha Restituta, dada yake akimsaidia kufunga kanga nyuma. Mbele ya umati aliweza, lakini umati haukuwa umelala na mama yake nyumba moja miaka yote ile. Alifikiria kumwambia Restituta amwambie mzee kwamba haiwezekani. Kisha akasikia jembe nje limenyamaza, akajua baba anasubiri. Akapita jikoni, akatoka.

Aliushuka ule uwanja mdogo kuelekea kwenye mibuni, mguu wa kushoto mbele. Baba yake hakutazama kichwa. Kichwa kilikuwa cha fisimaji na sharubu zake za mshipi, hakikuwa na kitu cha kumpa. Alitazama chini, miguuni, na ile kanga inavyokwenda. Leopold alisimama mahali ambapo mama angesimama, si karibu sana, akakaza kanga.

"Baba Resti," alisema. "Umeamkaje?"

Bernadi alivuta pumzi.

"Tumeamka, Mama Resti," alisema. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyerudi safari na kumkuta mwenzake mlangoni, akaanza kumpa habari. Ule mparachichi wa nyuma ya nyumba ulianguka wakati wa upepo, lakini haukugusa paa. Mzee Blasius walimzika mwaka jana, watu walijaa. Restituta alijifungua mtoto wa kike, wamempa jina la Walburga, na sauti ya bibi yake anayo. Mibuni ya bondeni ameikata. "Uliniambia niikate nikakubishia," alisema. "Sasa imechipua."

Aliondoa udongo kwenye jembe kwa kidole gumba.

"Yule wa ziwani haji," alisema. "Akija Krismasi, kesho yake ameshaondoka. Mimi kumwita siwezi. Wewe ndiye ulikuwa unajua kumwita."

Ndani ya blanketi Leopold alikuwa amelowa. Alitafuta la kusema. Yale aliyokuwa nayo yalikuwa ya Leopold, na mzee hakuwa amemuuliza Leopold. Alisubiri, na lile lililokuja lilikuja lenyewe, kwa sauti ile nzito ya chini.

"Mmefanana vichwa, wewe na yeye. Wakati wa kuchuma atakuja, mimi nakwambia. Sasa weka hilo jembe, unatoka jasho na hujala. Nenda ukanawe."

Bernadi aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu aliyeambiwa jambo ambalo alikuwa amelisahau. Aliliegemeza jembe kwenye mbuni. Kisha akasema inatosha, akavue, joto la hilo blanketi si la kuchezea, na akaenda kweli kunawa.

Chumbani Leopold alivua kichwa akakaa kitandani nacho mapajani. Restituta aliingia na maji kwenye kikombe.

"Ulimwona?" Leopold alimuuliza.

"Nilimwona," alisema Restituta. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni wakati wote, ungo mkononi. "Alivyotoka pale. Nilimwona kabisa."

"Mimi sikumwona."

Restituta alimwangalia, akaelewa, akakaa karibu naye. Hakukuwa na la kufanya. Baba alikuwa amempata kidogo, Restituta alikuwa amempata, hata Mama Gertrude na wanawake wa Matiri walimpata. Aliyemleta ndiye pekee aliyekuwa ndani, ambako hakuna cha kuona ila giza la sponji na kipande cha ardhi kwenye tundu la mdomo. Walikula pamoja siku ile, wote watatu na watoto wa Restituta, na baba alimmegea Leopold kipande cha nyama kutoka sahani yake. Habari ya vazi haikuguswa tena. Jioni Leopold aliteremka na wenzake.

Baada ya hapo aliendelea kuvaa, lakini hamu ilikuwa imebadilika ikawa na maumivu ndani yake. Kila mkono wake ulipoikaza ile kanga alijua kwamba mama yuko pale, karibu kuliko nguo, na kwamba yeye hatamwona. Alijaribu kujirekodi. Alimwomba mmoja wa kikundi amshikie simu, akatazama video ile peke yake kwenye kibanda chake cha ufundi. Alimwona fisimaji wa blanketi. Alizijua hatua kabla hazijafika, kila moja, na kitu unachokijua hakiwezi kukujia. Alifuta.

Miezi ikapita. Edina alijifungua salama, mtoto wa kiume mwenye afya, na alipoona mtoto anaweza kuachwa na bibi yake kwa muda, alikuja mwaloni kuuliza kama vazi bado linamtosha. Aliuliza kwa adabu, lakini vazi lilikuwa la mikono yake, na kikundi kizima kilijua. Wengine walitarajia Leopold angenuna. Scholastica alikuwa tayari na maneno ya kuwapatanisha. Leopold alisema mara moja kwamba anamwachia, ila kwa ombi moja: mwendo asiurudishe ule wa zamani. Yeye Leopold atamfundisha huu wake.

Edina alishangaa. Alimuuliza kwa nini. Leopold hakuwa amewahi kumwambia mtu wa ziwani, na alimwambia yeye, wamekaa kwenye mtumbwi mbovu uliopinduliwa mchangani, mtoto wa Edina amelala katikati yao kwenye kanga. Alimweleza habari ya jeneza, na ya picha ya simu, na ya baba yake kwenye mibuni. Edina alisikiliza mpaka mwisho akiwa anamfukuzia mtoto nzi.

"Kwa hiyo unataka mimi nimvae ili wewe umtazame," alisema.

"Ndiyo."

"Sikumjua mama yako, Leopold. Ninaweza nikamharibu."

Leopold alisema hata akimharibu, atakuwa amemharibia nje, mahali anapoweza kumwona.

Walifanya mazoezi majuma mengi. Edina alikuwa mtu wa tambarare, na miguu yake haikujua uzito wa mtu aliyekulia kwenye mteremko, anayepanda na mbolea na kushuka na kuni. Leopold alimfundisha kuweka kisigino kwanza. Alimfundisha kuguna, kukaza kanga kabla ya neno la kwanza, kumpangusa mtoto bila kusimama. Wanaume wa mwaloni waliwaona, mwanamume akimfundisha mwanamke kutembea kike, wakacheka mpaka wakachoka. Edina alijifunza vizuri, maana alikuwa mwigizaji kweli. Na Leopold, amekaa mbele yake, alimwona Edina anayejitahidi. Mzuri, sahihi, tena kila kitu kipo mahali pake. Mama hakuwepo. Alimshukuru na hakumwambia, lakini Edina alimsoma usoni.

Walikwenda Ngumbo wakati upepo wa baridi umeanza. Uwanja ulikuwa karibu na maji, watoto wengi, mbuzi wakipita katikati. Leopold alirudi kwenye ngoma yake. Edina alikuwa na hali nzito siku ile, kwa sababu mtoto wake alikuwa amekesha na homa na alikuwa amemwacha Mbamba Bay kwa bibi yake. Alicheza vizuri, kidogo mbali na watu. Katikati ya mchezo mtoto mmoja mkubwa alisukumana na mwenzake pale ufukweni, ikasikika sauti ya kitu kutumbukia majini, na kilio.

Edina aligeuka. Hakukuwa na mchezo tena kwenye kugeuka kule. Kanga ilikuwa imelegea upande mmoja, akaidaka kwa mkono wa kushoto bila kuitazama, na akaenda, nusu anakimbia nusu anatembea, bega moja limeshuka, huku anaita jina ambalo si la mtoto yeyote wa pale. Hatua hizo hakuna aliyezifundisha. Na Leopold akamwona Walburga. Alimwona anavuka uwanja wa nyumbani kwao, siku ambayo yeye mwenyewe, akiwa mdogo, alianguka kwenye shimo la ngoro lililojaa maji na kulia. Alikuja hivyo hivyo, uso umefunguka kwa hofu, mdomo unaita, na haukuwa uso wa kwenye picha hata kidogo. Ilikuwa ni hatua chache. Kisha Edina alimfikia mtoto, aliyekuwa amelowa tu na kuaibika, akamsimamisha, akacheka kwa kutua moyo, na kilichobaki kilikuwa Edina ndani ya blanketi.

Ngoma ilikuwa imenyamaza. Leopold hakujua ni tangu lini. Scholastica alimtazama jicho moja tu, na mikono ya Leopold ikaanza tena kupiga.

Baadaye, wakikunja vitu, alimwuliza Edina alifanya nini pale. Edina alisema hakufanya kitu, alishtuka tu, alidhani ni mwanawe. Leopold hakumwomba arudie. Alijua jambo lile haliwezi kurudiwa kwa kuombwa, na kwamba huenda atakaa kwenye ngoma hiyo miaka mingi akitazama, na lisije.

Kesho yake alimpigia simu baba yake. Walisalimiana, wakaulizana mvua na afya ya watoto. Kisha Leopold alisema amemwona mama. Upande wa pili akasikia kuku wanapita.

"Alikuwaje?" Bernadi aliuliza.

"Alikuwa na haraka."

"Siku zote," alisema mzee. Alikohoa kidogo. Akasema kahawa za upande wa juu zimeanza kuwa nyekundu, na Restituta ana mtoto mdogo hawezi kuchuma peke yake. Akamuuliza atapanda lini.

Leopold alisema ana injini moja ya kufunga, akiimaliza atapanda.